Moshi Ambao Haukufika

Leo baada ya magharibi nimeketi tena kwenye baraza ya nyumba yetu Mkomani, Lamu, na mapajani nina Kanuni za Ubora wa Hewa za Kenya za mwaka 2014, ambazo wakili mmoja kijana ameniomba nizieleze kwa Kiswahili chepesi, ili wavuvi na wakulima wa huku wajue la kusema siku wakiulizwa maoni kuhusu kuzitia nguvu. Nilipoipokea kazi hii nilidhani ni ya siku mbili.

Ukalimani huu nimeuzoea tangu siku za kesi ya makaa ya mawe. Kituo kile cha umeme cha megawati 1,050 kilikusudiwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara, na leseni yake ilitolewa mwaka 2016. Nakumbuka kikao kimoja ambapo mzee wetu nahodha, aliyekuwa akisikiliza kimya huku akishona wavu, aliuliza: "Mwanangu, moshi wenyewe haujaja. Mtamshitaki mtu kwa kosa gani?" Wakili hakuhutubu. Alifungua Katiba akasoma Ibara ya 42, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, kisha Ibara ya 70, inayosema kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kudhurika. Mzee akanigeukia mimi, si wakili: "Yaani tusingoje tukohoe?" Nikamwambia ndiyo, na hadi leo sijapata tafsiri ya ibara hiyo iliyo bora kuliko swali lake.

Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ile, na Oktoba 2025 mahakama kule Malindi ikakubaliana nalo. Nilifurahi kama wenzangu wote, lakini sikuacha kuona kwamba sababu kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo; tulishinda kwa kuwa hatukusikilizwa, na viwango vya hewa vikabaki vile vile katika majedwali haya niliyonayo mapajani. Wenzetu wa Afrika Kusini (na huko ndiko makaa yetu yalikotazamiwa kutoka mwanzoni!) walikwenda mbele zaidi: Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba hewa chafu ya Highveld, nyanda za juu za huko penye vituo vingi vya umeme wa makaa, inavunja haki ya kikatiba ya wakazi, na kwamba waziri ana wajibu wa kutunga kanuni za kuutekeleza mpango wa kuisafisha.

Hilo ndilo analolitaka wakili wangu, kanuni zenye meno, na ndiyo maana ananihimiza. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwaka cha chembe laini, yaani zile ndogo mno zinazoelea hewani, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo mwaka 2021, naye anataka watu wa hapa waielewe tarakimu hiyo kabla ya kuitetea. Mimi nimekwama kwenye hizo chembe zenyewe. Nimeandika "masizi" nikalifuta, kwa kuwa masizi huonekana kwenye sufuria. Nikaandika "vumbi" nikalifuta pia, kwa kuwa vumbi hufagiliwa likatoka. Kesho asubuhi, kabla hajashuka pwani, nitamwendea nahodha nimuulize.