Siku madam alipofunika ukurasa

Mwaka 1998 nilikuwa P4, yaani darasa la nne la praimari, hapa Malaba upande wa Uganda, na waliosoma kipindi hicho wanajua hali ilivyokuwa, UPE, ule mpango wa elimu ya praimari bila karo, ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, serikali inalipia watoto wanne kila familia, basi shule zikafurika, nchi nzima wanafunzi wa praimari walitoka kama milioni 3 wakapita milioni 5 ndani ya mwaka mmoja tu. Darasa letu tulizidi mia, wengi tunakaa chini, mwalimu akiuliza "mmeelewa?" tunaitikia wote "ndiyo madam!" yanaisha.

Akaja madam mpya. Mchana mmoja akatutoa nje chini ya mwembe, akawa anaita mmoja mmoja na kitabu cha Kiingereza mkononi. Zamu yangu nikasoma ukurasa mzima bila kukwama. Akanitazama, akaufunika kwa kiganja, kucha zimejaa chaki, akaacha neno moja tu la katikati.

"Na hili?"

Kimya. Ukurasa nilikuwa nimeukariri kwa kusikia wenzangu wakiuimba kila siku, herufi zenyewe sijui kuziunganisha. Nikajikunja nangoja kiboko maana ndo tulichozoea, yeye akaandika kitu kwenye kaunta buku lake akasema, "Sawa mwanangu, kumbe tunaanzia hapa."

Jumatatu akatupanga upya. Kusoma nikawekwa na wale wa silabi, lakini hesabu nikawa na wa mbele kabisa, kwa sababu nilikuwa nauza ndizi kwa madereva wa malori pale mpakani, kugeuza shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda nafanya hata usingizini. Mama akaja juu, ati mbona mtoto wangu mnamrudisha P2? Madam akamkalisha, akamwonyesha jina langu sehemu mbili kwenye lile kaunta buku. "Hajarudi nyuma mama. Kusoma yuko hapa, hesabu yuko kule." Mpaka leo naamini ndo mara ya kwanza shule ilinijua mimi ni nani.

Sasa kijana wangu yuko S2, mwaka wa pili wa sekondari, anasoma mtaala mpya ulioanza 2020, wa projekti na kazi za vikundi, mwanafunzi ndo katikati. Naupenda sana. Siku ya wazazi simuulizi mwalimu amekuwa wa ngapi, namuuliza anakwama wapi, na mara nyingine mwalimu hana jibu, watoto wamejaa mpaka mlangoni atawajua saa ngapi? Simlaumu hata kidogo. Apunguziwe darasa jamani.