Pua mpya, sura ileile

Ndiyo, nimefanyiwa upasuaji wa pua, na ndiyo, mimi ni mwanaume. Mkishamaliza kucheka tuendelee.

Nilichokuwa nakiogopa si kisu, ni kuamka na pua ya mtu mwingine. Daktari wa kwanza alinionyesha kwenye kompyuta kipua chembamba, kimebonyea katikati, ncha imenyanyuka. Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili alinishika pua kwa vidole, akabonyeza ncha, akasema ngozi yangu ni nene, kwa hiyo akipunguza gegedu, ule mfupa laini wa pua, kupita kiasi ncha itabaki donge lisilo na umbo. Akaeleza kwamba kwa wanaume mgongo wa pua kwa kawaida huachwa umenyooka, na pembe kati ya pua na mdomo wa juu hukaa karibu nyuzi 90 hadi 95. Ikizidi sana, matundu yanaonekana ukitazamwa kwa mbele. Huyo ndiye niliyemkubalia. Alisawazisha nundu ya mgongo wa pua yangu tu, akanyoosha na ukuta wa ndani uliopinda.

Maumivu yalivumilika. Kilichonitesa ni kupumulia mdomo usiku kucha, koo limekauka, na macho kuvilia damu kana kwamba nimetoka ngumi. Miwani nayo marufuku kwa wiki kadhaa.

Uvimbe wa ncha unaweza kuchukua mwaka mzima kuisha, na ngozi nene huchelewa zaidi, kwa hiyo msianze na "mbona bado nene". Niliporudi kazini hakuna aliyegundua. Mmoja tu aliniuliza kama nimebadilisha kinyozi.