Hilo ni Swali Lingine

Kicheko cha Jumapili hakijanitoka masikioni. Barua yangu ya uhamisho imefika, Mama ametolewa hospitalini, lakini mimi bado niko pale mezani.

Tulikuwa tumemaliza kula. Shemeji akaanza na lake: Ziwa Nakuru limefurika kwa sababu msitu wa Mau umefyekwa, udongo ukateremka na Mto Njoro, hakuna lingine. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza polepole, “Na Ziwa Turkana je? Nalo limepanda miaka iyo hiyo, na maji yake mengi huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Mau imefikaje huko?”

Shemeji akaegemea kiti. “Mzee, wewe umewahi kufika Turkana?”

“Sijafika.”

“Basi!”

Watu wakaangua kicheko, Baba Neema akiwemo. Mjomba akangoja kitulie. “Sawa, kijana, umenishinda. Sasa nieleze, maji yaliyoingia kwangu mtaani Mwariki yalitoka wapi?”

“Hilo ni swali lingine, mzee.”

Lingine! Tulikuwa tunazungumza nini basi tangu ugali uliposongwa? Mtu amepoteza nyumba, anataka kujua kilichoichukua, na anajibiwa kwamba hajawahi kusafiri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Shemeji hakuwa amekosea kabisa. Ripoti ya mwaka 2021 ya serikali na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, inautaja uharibifu wa misitu na udongo unaojaa maziwani, ila inaitanguliza mvua iliyozidi. Ziwa letu halina mto wa kutolea maji. Kinachoingia kinasubiri jua likipunguze. Katikati ya miaka ya 1990 lilikauka karibu lote. Mwaka 2010 lilikuwa kama kilomita mraba 40, na kufikia 2020 lilikuwa limepita 60, lango kuu la mbuga limezama, maji yamepungua magadi na flamingo wengi wamehamia Ziwa Bogoria. Shemeji alikuwa na kipande cha jibu, na Mjomba alimpa njia ya kutafuta kilichobaki. Anayetaka kujua angelipokea swali la Turkana kwa mikono miwili. Anayetaka kushinda huona limekuja kumvua nguo, kwa hiyo analiacha swali na kumgeukia muulizaji. Nimeona hivyo kwenye mikutano ya wazazi, nimeona kanisani, lakini kuona nyumbani kwangu, akifanyiwa Mjomba, kumenikaa vibaya.

Jana jioni Mjomba akapita kumjulia Mama hali. Neema alikuwa sebuleni na daftari lake, akamuuliza tu, “Guka, maji yalianza kuingilia mlangoni ama nyuma?”

“Wala mlangoni. Yalianzia chini.”

Choo cha shimo kilijaa kwanza, akasema. Kisha simenti ya jikoni ikageuka rangi karibu na meko, ukiikanyaga bila viatu unasikia baridi, na wakati huo ziwa lenyewe lilikuwa bado ng’ambo ya ua wa mbuga. Neema akamsukumia daftari. “Chora.” Akachora choo, meko, ua, na mishale ikitoka ardhini kwenda juu.

“Kwa hiyo maji ya chini yalipanda kabla ziwa halijafika?”

“Labda. Ama mvua yetu wenyewe ilikosa pa kwenda. Sijui, mama, ndiyo maana nauliza.”

Miaka hii yote amepewa pole na amepewa hotuba, na sikumbuki mtu mzima aliyewahi kumuuliza alichokiona kwa macho yake. Walikaa pale mpaka chai ikapoa, wakibishana juu ya mishale, Neema akifuta na kuchora upya, Mjomba akimwambia hapo umenipata, hapo bado. Nilifurahi mpaka nikaacha kusahihisha madaftari.

Barua inanitaka niripoti Siaya muhula ukifunguliwa. Dawa za presha za Mama huchukuliwa hapa mjini kila mwezi, na tangu alazwe hawezi kupanda matatu peke yake. Baba Neema anasema tutaona. Tutaona nini, na shule zinafunguliwa karibuni?