Goroli kwenye kovu la mamdogo

Mamdogo alifanyiwa operesheni ya matundu mwaka 2019, Dar, hospitali moja ya binafsi ambayo siitaji. Alikuwa na uvimbe kwenye ovari ya kushoto, na sote tulifurahi kusikia hachanwi tumbo maana mama yangu alipasuliwa kizamani mwaka wa nyuma yake akalala wiki sita, huyu kesho yake anatembea koridoni anadai chai. Matundu manne tu, moja kitovuni mengine pembeni, ukiangalia utasema kaumwa na mbu.

Majibu ya maabara yakaja kumbe kansa. Dripu sita za kemo, kila wiki ya tatu, nywele zikaenda, kucha zikawa nyeusi, akamaliza, kile kipimo cha damu cha CA-125 kikashuka, tukachinja mbuzi.

Sasa hiyo siku yenyewe. Jumapili moja mwezi wa tisa 2020 nilikuwa kwake Mbagala namkanda miguu na mafuta ya nazi, ganzi ya kemo ilikuwa haijamwacha bado, akajigeuza, khanga ikateleza nikaona kovu la kushoto limenyanyuka. Nikagusa. Kigumu, kama goroli, hakisogei.

"Mamdogo, hiki nini?"

"Uzi huo, hawakuutoa wote. Acha bwana."

Tangu lini? Eti tangu mfungo, kilikuwa kama choroko. Mfungo! Yaani miezi minne anajua, kliniki kaenda mara mbili kanyamaza, na mimi niliyekuwa nampeleka nilikaa kwenye benchi nje nachezea simu. Jirani naye akaingia akasema hiyo keloidi, kuna mafuta ya kupaka. Nisiseme uongo, nilitaka sana awe amepatia.

Jumanne tukaenda. Dokta kijana tu, akabonyeza, akaacha kuongea. Wakavuta na sindano wakapeleka maabara, majibu yakatoka baada ya siku kumi, seli zilezile za ovari. Nikamuuliza, ovari iko ndani huko, inafikaje kwenye ngozi? Akachukua bahasha ya majibu akachora nyuma yake: tumbo limejazwa gesi, mabomba yanapita, vifaa vinaingia vinatoka, halafu uvimbe unavutwa nje kwenye tundu dogo. Ukipasuka humo au ukivutwa bila kutiwa kwenye mfuko, seli zinajipaka kwenye kuta za tundu, na kidonda kinachopona kinaota mishipa mipya ya damu, basi zinapata pa kushika. Akasema ni nadra, kama mwanamke mmoja au wawili kati ya 100 wanaofanyiwa hivo wakiwa na kansa, zaidi wale wenye maji tumboni. Mamdogo alikuwa na maji.

Walitumia mfuko? Akaipekua karatasi ya kuruhusiwa mbele na nyuma, mistari minne ya mwandiko wa kukimbia, mfuko haukutajwa. Akasema hapo hawezi kujua, na hata ukitumika saa ingine inatokea.

Niliwakasirikia wale wa mwanzo na mpaka leo sina uhakika kama nawaonea, maana walipomfanyia waliamini ni uvimbe wa kawaida. Ila karatasi ileile iliandikwa asibebe vitu vizito, asilowanishe vidonda. Baada ya kujua ni kansa, hakuna hata mmoja aliyetuambia tuwe tunayapapasa makovu, na kupapasa ni bure.

Skani ikaonyesha viwili vingine ndani. Safari hii wakamchana kweli, kutoka kitovuni kushuka chini, na pale kwenye goroli wakachota nyama pana mpaka ukuta wa tumbo, halafu kemo upya. Mama yangu ndo alikuja kumuuguza. Siku ya kwanza anamwogesha, mamdogo akaangalia mshono wake akaangalia wa dada yake, akasema, "Si bora ningefuata njia yako tangu mwanzo," wakacheka mpaka mshono ukauma, nesi akaja kuwafokea.