Mimi na Taa za Wandegeya

Udereva nilijifunzia Arua, na kabla ya kuhamia Kampala sikuwa nimewahi kusimamishwa na taa. Sasa kila asubuhi, nikitoka Bwaise kwa Barabara ya Bombo kwenda kazini mjini, ni lazima nipite Wandegeya, kwenye makutano ya barabara hiyo na ile inayotoka Makerere.

Wiki ya kwanza niliaibika. Taa iliwaka kijani, nikaondoka, kumbe askari wa trafiki aliyesimama katikati na sare yake nyeupe alikuwa amenyoosha kiganja kunizuia. Alinisogeza kando, akaniambia kwa kile Kiswahili cha kambini ambacho polisi wetu wamerithishana, "Ssebo, mimi nikiwa hapa, taa ni mimi." Nilichukia, ingawa haki ilikuwa yake, kwani ishara ya askari huishinda taa. Tangu siku hiyo humtazama yeye kwanza.

Ikabaki kero ya honi. Gari langu ni la klachi, na dereva wa takisi aliye nyuma hupiga honi hata kabla sijashusha breki ya mkono, nami kwa kuharakishwa nikawa nazima injini mbele ya umati. Walionifundisha dawa yake ni bodaboda. Hao hupenya kati ya magari hadi mbele ya mstari, jambo ambalo siwezi kulisifu, lakini kwa kukaa huko mbele huona mapema magari ya upande wa pili yakianza kukatika. Mmoja hupiga kiki, wa pili huvumisha injini, abiria aliyekuwa akisoma simu huitia mfukoni na kushikilia kiti. Hapo ndipo nami hukanyaga klachi na kuingiza gia ya kwanza, na kijani kikiwaka huwa niko tayari. Yule wa takisi bado hupiga honi, lakini hunipigia nikiwa nimekwisha kuondoka.

Jioni, taa nyekundu hainikeri tena: hushusha kioo, nikavuta harufu ya rolex, zile chapati za kuviringishiwa mayai, zinazokaangwa kando ya barabara. Na Jumapili alfajiri, njia ikiwa tupu, kuna raha ya kukuta kijani na kupita bila kugusa gia. Juzi niliipata raha hiyo, ila nilipofika katikati nilipunguza mwendo bure, nikimtafuta askari ambaye hakuwapo.