Lindo langu la saa tisa usiku, Svalbard

Siku moja kabla ya safari nilimpigia baba simu. Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori Ruaha mpaka alipostaafu, na miaka ile ya kazi alilala porini zaidi kuliko alivyolala nyumbani kwetu Iringa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko unakokwenda kuna simba?"

Nikamwambia kuna dubu mweupe, na kwamba dume aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 400. Akauliza anawinda usiku au mchana. Nikamwambia wakati wowote. Akauliza kama anaogopa watu. Nikamwambia hapana, kule kwenye barafu hana anayemwogopa. Baba akanyamaza kidogo, kisha akauliza tutalindwa na nini usiku. Nikamweleza habari ya waya unaozungushiwa kambi, ambao mnyama akiugusa unalipua baruti ndogo na kuwaamsha waliolala.

"Waya hauna macho," akasema. "Mtu akeshe."

Svalbard ni visiwa vya Norwe vilivyo katikati ya bara la Ulaya na Ncha ya Kaskazini. Mji mkuu wake, Longyearbyen, una watu wapatao 2,500, na upo nyuzi 78 kaskazini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi kabisa. Mimi nilikuwa nasoma shahada ya uzamili huko Norwe bara, nikapata nafasi ya kwenda kwenye kozi ya barafu. Wengi wananiuliza Mtanzania anatafuta nini kwenye barafu. Jibu langu ni Kilimanjaro. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa juu ya mlima ule mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka, na mimi nataka kuielewa barafu yenyewe kabla haijaisha yote.

Kabla hujaruhusiwa kutoka nje ya mji unafundishwa kujilinda. Sheria ya Svalbard inakutaka uwe na njia ya kumfukuza dubu kila unapotoka kwenye makazi, na karibu kila mtu hubeba bunduki pia. Nilikuwa sijawahi kushika bunduki, ingawa nimekua nikimwona baba akisafisha yake. Tulifundishwa kuibeba ikiwa na risasi kwenye magazini lakini chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu. Tulifundishwa pia kwamba bunduki ni ya mwisho kabisa. Dubu hawa wanalindwa na sheria tangu 1973, na kila dubu anayeuawa huchunguzwa na ofisi ya gavana. Kwanza unaondoka. Ukishindwa kuondoka, unapiga kelele, unawasha injini, unatumia bastola ya fataki. Na fataki ina utaratibu wake: lazima ilipuke mbele ya dubu, kati yako na yeye. Ikimpita ikalipukia nyuma yake, atakimbilia upande wako. Hilo nililirudia kichwani mara nyingi mno, na ninashukuru nililirudia.

Tulikuwa watu sita na pikipiki nne za theluji, mwishoni mwa Machi. Kazi yetu ilikuwa kupima unene wa barafu katika bonde moja linaloteremka hadi fjodi ya Tempelfjorden, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia katikati ya milima. Ndani kabisa ya fjodi hiyo ndipo ulipo mto wa barafu wa Von Post, mahali ambapo mwezi Agosti 2011 dubu aliingia kambi ya vijana wa Kiingereza, akamuua kijana wa miaka 17 na kujeruhi wanne. Waya wao haukulipuka. Mwalimu wetu alitusimulia habari hiyo bila kupamba neno, kisha akatugawia zamu.

Lakini siku za kwanza sikumfikiria dubu sana. Baridi ndiyo iliyokuwa na mimi kila dakika. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 26 chini ya sifuri, na ukiwa juu ya pikipiki upepo unaifanya iwe mbaya zaidi. Nguo za pamba hazifai hata kidogo kule, kwa sababu zikilowa jasho hazikauki na zinakunyonya joto. Ndani nilivaa sufu tupu, juu hadi chini. Kitu kigumu kwangu kilikuwa kujifunza kutokutoka jasho. Sisi tumezoea kufanya kazi mpaka shati lishikane na mgongo, ndipo ujione umefanya kazi. Kule ukichimba theluji kwa nguvu, ukasimama, jasho linageuka baridi ndani ya dakika chache. Nilijifunza kuvua koti kabla ya kushika chepe, nikahisi baridi kwa makusudi, na kulivaa tena mara tu nilipoacha.

Chupa za maji tulizilaza kichwa chini, kwa sababu barafu huanza juu, na ukiisimamisha chupa kawaida utakuta kizibo kimeganda na maji yapo chini huwezi kuyafikia. Betri za simu ya satelaiti zililala nasi ndani ya mifuko ya kulalia. Siagi nilikula vipande kama jibini.

Jambo jingine naliandika hasa kwa ajili ya wenzangu weusi watakaokwenda sehemu kama zile. Kila nusu saa tulikuwa tunatazamana nyuso. Baridi ikianza kugandisha ngozi ya mzungu, doa jeupe linaonekana waziwazi kwenye shavu au pua. Kwangu halikuonekana hivyo. Siku ya pili dada mmoja Mnorwe, mwenzangu wa hema, alinitazama akaniambia sina kitu. Baadaye kidogo nilishika shavu langu nikaona halihisi kidole. Nikamwambia atazame tena karibu. Tukagundua pamoja: palikuwa na rangi ya kijivu, kama majivu, kama ngozi isiyopakwa mafuta, na palikuwa pagumu kidogo. Akavua glavu yake, akaniwekea kiganja cha moto pale mpaka hisia ikarudi kwa maumivu makali. Hupaswi kusugua, wala kupaka theluji. Ni joto la mwili tu. Tangu hapo alikuwa akinigusa shavu badala ya kulitazama. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba watu weusi hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko weupe, kwa hiyo usimsubiri mwenzako aone. Jiguse mwenyewe.

Mpango ulikuwa tulale siku mbili. Jioni ya pili mawingu yakashuka, na usiku dhoruba ikaanza. Kilichonishangaza ni kwamba joto lilipanda, likafika kama nyuzi 12 chini ya sifuri, lakini upepo ulikuwa haukuachi usimame. Nje mbingu na nchi vilikuwa kitu kimoja cheupe. Nikinyoosha mkono nauona mkono, nikitazama hema la pili halipo, na lilikuwa hatua saba tu. Tulifunga kamba kutoka hema hadi hema, na kila aliyetoka alishika kamba. Kuondoka kwa pikipiki katika hali ile ni kujitumbukiza kwenye ufa wa barafu. Tukabaki.

Kwa siku nzima na usiku kazi ilikuwa kuchimba. Theluji inarundikana upande mmoja wa hema mpaka turubai linainama juu ya uso wako. Unatoka unachimba dakika ishirini, unarudi, anatoka mwingine. Tulipika kwenye ukumbi mdogo wa hema, mlango ukiwa nusu wazi, maana moshi wa jiko la petroli ndani ya hema lililofungwa unaua kimyakimya. Siku ile ya dhoruba mimi ndiye nilikuwa mpishi. Nilikaanga nyama ya nguruwe ya chumvi kwa ajili ya wenzangu, kwa sababu walikuwa wamechoka na walihitaji mafuta, nami nikala siagi na mkate wangu. Sufuria nikaifuta kwa theluji na kuiacha pale ukumbini. Upepo ulikuwa mkali na mikono inauma. Niliona inatosha.

Jioni ya siku ya nne upepo ukatulia. Mwalimu akaniomba nikague waya kabla ya zamu za usiku kuanza. Nilizunguka pande tatu, nikaunyanyua palipofukiwa, nikaurudisha usawa wa goti. Upande wa nne, unaotazama fjodi, theluji ilikuwa imejaa hadi kiunoni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikajiambia nitaufukua asubuhi kukipambazuka, kwa sababu usiku kuna mlinzi hata hivyo. Sikumwambia mtu. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu, na ninaliandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Zamu yangu ilikuwa kuanzia saa nane na nusu usiku hadi saa kumi. Mwishoni mwa Machi usiku wa kule hauna giza totoro. Mbingu inakuwa na rangi ya bluu iliyofifia na theluji inatoa mwanga wake, kwa hiyo unaona mbali. Nilikuwa nikizunguka mahema taratibu, natazama kwa darubini, nazunguka tena. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia pumzi yangu ikiganda kwenye mzula.

Kama saa tisa na robo nilitazama chini kwenye fjodi nikaona jiwe. Baba alinifundisha utotoni kwamba porini hutafuti mnyama, unatafuta kitu ambacho hakikuwepo mara ya mwisho ulipotazama. Jiwe lile halikuwepo. Na lilikuwa na rangi ya samli.

Watu wanadhani utamkosa dubu mweupe kwenye theluji. Theluji ndiyo nyeupe. Dubu ana umanjano, hasa mwanga ukiwa hafifu. Nilipoweka darubini machoni alikuwa ameinua kichwa, shingo ndefu imenyooshwa, pua juu, anaipeleka huku na huku. Ananusa. Alikuwa kama mita 300 hivi, akija moja kwa moja kutokea upande ule wa nne.

Mwili mzima ulinisisimka. Niliita kwa sauti, "Dubu! Dubu!" kwa Kiswahili, ndipo nikakumbuka kusema kwa Kiingereza. Nikatikisa mahema. Mwenzangu wa hema ndiye aliyetoka wa kwanza, soksi miguuni, bunduki mkononi. Mwalimu akafuata. Wawili wakakimbilia pikipiki. Ya kwanza ikagoma kuwaka, ya pili ikawaka kwa kishindo. Dubu akasimama. Nikadhani ameghairi. Akatutazama kidogo, akaendelea kuja, bila haraka, miguu ya mbele ikigeukia ndani kama mtu anayetembea kwake.

Akafika palipokuwa na waya. Akapita juu yake. Hakuna kilicholia.

Mwalimu akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe una bastola. Mbele yake." Glavu yangu nene haikuingia kwenye kifyatulio. Nikaivua kwa meno. Chuma kiliung'ang'ania mkono kupitia glavu nyembamba ya ndani kama kina gundi. Dubu alikuwa hatua themanini, labda pungufu. Mwenzangu alikuwa amepiga goti kando yangu, risasi imekwisha ingia chemba, nikasikia anapumua polepole. Nikalenga theluji katikati yetu, nikashusha mkono kidogo zaidi ya nilivyotaka, nikafyatua.

Mlipuko ulipiga kama hatua thelathini mbele yake, mwanga mwekundu ukatanda. Dubu akaruka upande kwa wepesi ambao sikutegemea kwa mwili ule. Mwalimu akasema, "Tena." Mikono ikitetemeka nikaweka ya pili, nikafyatua. Safari hii akageuka, akakimbia mbio hadi chini kwenye barafu ya fjodi, kisha akaanza kutembea kando ya mwamba bila kutazama nyuma. Tulimfuata kwa darubini mpaka akawa jiwe tena, halafu akapotea.

Hakuna aliyelala. Nilimwambia mwalimu habari ya waya pale pale, mbele ya wote, kabla hajaenda kutazama mwenyewe. Hakunigombeza. Alichukua chepe, akanipa na mimi moja, tukaufukua pamoja bila kusema neno. Nyayo za dubu zilikuwa pale, pana kuliko sahani ya wali, na katikati ya nyayo mbili waya umelala chini, chini kabisa. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vilikuwa na rangi ya majivu nchani. Mwenzangu alivitia kwapani mwake, na kwa mkono mwingine akanishikia kikombe cha chai ninywe, maana mimi nisingeweza kukishika.

Tulipiga simu ofisi ya gavana kutoa taarifa, tukapakia, na saa nne asubuhi tulikuwa njiani. Vidole vilipona baada ya wiki tatu, ingawa hadi sasa vinatangulia kuuma kukiwa na baridi.

Jioni ile kutoka Longyearbyen nilimpigia baba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza upepo ulikuwa unatoka wapi baada ya dhoruba. Nikamwambia ulikuwa unashuka kutoka juu ya barafu kwenda fjodi. Akauliza tulipika nini, na sufuria ililala wapi. Nikamweleza. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia jogoo wa jirani kwa nyuma. Kisha akasema nimsalimie sana huyo dada aliyenishikia kikombe.