Uzembe Una Rangi Gani?

Ripoti yangu ya kwanza ya fildi, yale mazoezi ya kazi ya ustawi wa jamii, ilirudi na duara moja tu la kalamu nyekundu. Ukurasa mmoja na nusu niliouandika usiku kucha, na duara limezunguka neno moja: "mzembe". Pembeni msimamizi wangu kaandika, "Uzembe una rangi gani?"

Nilishinda nalo siku nzima kibandani. Nina kibanda cha miamala ya simu hapa Mbuyuni, Moshi, na ndicho kinachonilipia ada. Nasomea Shahada ya Ustawi wa Jamii Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na nashukuru kila siku kwamba kipo, maana nisingeweza kufunga kibanda na kumwacha mtoto nikakae bweni. Huyu anatoa elfu kumi, yule anaweka elfu tano, katikati yao nageuza ukurasa. Usiku mtoto akishalala ndipo nasoma kwelikweli.

Majirani zangu wa sokoni wanaamini nasomea kugawa misaada. Mama mmoja anayeuza ndizi aliniambia, "Ukimaliza, mama, unikumbuke kwenye zile hela za kaya maskini." Wengine wanatuchanganya na maendeleo ya jamii, wale wanaosomea vyuo kama kile cha Maendeleo ya Jamii Tengeru. Nami huwaeleza hivi: afisa maendeleo ya jamii utamkuta kwenye vikundi, miradi na mikopo ya akina mama. Afisa ustawi wa jamii anaitwa pale nyumba inapokuwa imeshaanza kuungua. Mtoto katelekezwa, wazazi wanavutana nani akae na watoto, mzee hana wa kumpa maji, kijana kafikishwa mahakama ya watoto. Kazini hizi kada mbili hukutana mara nyingi, lakini mlango wa kuingilia si mmoja.

Sasa nirudi kwenye lile duara. Nitabadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asitambulike, maana siri ya mteja haiishi fildi inapoisha.

Mwalimu wa shule moja alileta taarifa kwamba mvulana wa darasa la nne amekosa siku nyingi mno kwenye muhula ule. Alifanya jambo la sheria kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa au halmashauri, na wengi wetu hatufanyi hivyo kwa kuogopa kuitwa wambeya. Mtoto alikuwa anaishi na bibi yake mzaa mama. Nikatumwa kwenda kuiona nyumba.

Nilifika saa nne asubuhi, nikaamkia, nikapewa kigoda. Niliona sufuria zilizosuguliwa upande mmoja na upande wa pili zina ukoko wa juzi. Niliona shati la shule kwenye kamba, kola bado ina weusi. Mtoto alikuwa nyumbani siku ya shule, kakaa pembeni ya beseni la ndizi mbivu za kuuza. Nilimuuliza bibi kwa nini hajaenda, akanijibu, "Leo ananisaidia." Basi. Mwishoni nikampa fomu ya kukubali mazungumzo yetu yaandikwe, nikamfungulia kidau cha wino aweke dole gumba. Akaliweka mezani, pembeni ya karatasi. Nikamshika mkono nikalisogeza mwenyewe, nikaaga.

Nilivyofika nyumbani nikaandika: bibi ni mzembe, mazingira ni machafu, mtoto anatumikishwa. Nikapendekeza ahamishiwe kwa ndugu mwingine.

Kinachoniuma ni kwamba wiki tatu kabla nilikuwa nimefanya mtihani wa somo lenyewe. Kulikuwa na swali la kanuni saba za Padre Felix Biestek, Mjesuiti wa Marekani, alizozitoa mwaka 1957, na nilizimwaga zote bila kukwama. Kumwona kila mteja kama mtu wa pekee. Kumpa nafasi aseme ya moyoni. Kutawala hisia zako wewe. Kumpokea alivyo. Kutomhukumu. Kumwachia maamuzi ya maisha yake. Kutunza siri. Halafu nikaenda kwa bibi wa watu, na ndani ya dakika arobaini nikawa nimeshamhukumu na kumpangia pa kumpeleka mjukuu wake.

Msimamizi wangu ni mama wa makamo, amekaa kwenye ustawi miaka mingi kuliko nilivyokaa shule. Hakunifokea. Alichukua daftari langu, akapiga mistari miwili kutoka juu hadi chini, zikapatikana safu tatu. Akaandika vichwa: nimeona, nimesikia, nadhani. "Rudi, mwanangu," akasema. "Ukirudi hapa, safu ya tatu nataka iwe fupi kuliko zote."

Niliyakuta baadaye kwenye kitabu cha kozi, kwamba Mary Richmond, naye Mmarekani, mwaka 1917 alikuwa ameshaandika kwa kirefu kuwa ushahidi ukusanywe kwanza, ndipo useme tatizo la familia ni nini. Lakini mimi nilifundishwa na ile mistari miwili.

Niliporudi nilikaa muda mrefu zaidi na kuongea kidogo. Akaja mteja wa ndizi, akatoa noti. Bibi aliipokea, akaipapasa kwenye kona, akaikunja, akaikunjua, halafu akaielekeza kwa mjukuu bila kugeuza kichwa. "Elfu mbili, bibi," mtoto akasema. Bibi ndipo akatoa chenji, sarafu moja moja, akizihesabu kwa ukucha kwenye kingo zake.

Mimi kazi yangu ni noti. Nazishika kutwa nzima. Najua mtu anayekagua kama noti ni bandia anavyoishika, anainyanyua kwenye mwanga. Huyu hakuinyanyua. Nikakumbuka dole gumba lililotua mezani. Nikakumbuka sufuria safi upande mmoja tu.

"Bibi, macho yanakusumbuaje?" nikamuuliza.

Alinyamaza mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akaniambia kwamba ni ukungu, ulianza jicho la kushoto, sasa ni yote mawili. Kuna mtu alimpa elfu moja akamwambia ni elfu tano, akamrudishia chenji ya elfu tano. Tangu siku hiyo, siku za soko mtoto haendi shule. Hakutaka kusema, kwa sababu aliogopa wakijua haoni watamchukua mjukuu.

Na mimi ndicho hasa nilichokuwa nimeandika.

Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa nne, na neno "mzembe" halikuwamo. Yaliyofuata yalikuwa ya karatasi na miguu. Kisera, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bure kwenye vituo vya serikali, lakini lazima kwanza atambuliwe, na bibi hakuwa na karatasi yoyote yenye mwaka aliozaliwa. Tulikaa kwa mtendaji wa mtaa tukatafuta. Bibi akasema Mwenge ulipopandishwa kileleni Kilimanjaro, yeye alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni. Hiyo ni Desemba 1961. Mtendaji akatabasamu, akaandika barua. Macho yakapimwa, ikaonekana ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji, akapangiwa tarehe. Kwa siku za soko, jirani mmoja alikubali kukaa na bibi asubuhi, na mwalimu aliyeleta taarifa akaanza kumfidia mtoto masomo jioni. Sitaficha kwamba kuna siku bado alikosa. Mambo haya hayanyooki kwa barua moja.

Kuna kitu nilitamani kukifanya na sikukifanya. Kwetu Uchagani mtu akikosa, hubeba jani la sale akaenda kwa aliyemkosea, na aliyeletewa sale ni vigumu sana kukataa kusamehe. Nimeliona kwa macho yangu, baba zangu wadogo waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Darasani tunafundishwa usuluhishi kwa maneno mazito, na mimi kila nikiyasoma naona lile jani la kijani mkononi mwa baba mdogo. Basi nikamwambia msimamizi nataka nimpelekee bibi sale. Hata asipoliona, vidole vyake vingelijua.

Alifikiri kidogo. "Yeye hajui uliandika nini," akasema. "Ukienda, utamwachia mzigo wako aubebe yeye. Radhi yako umeshaiandika, kurasa nne. Inatosha."

Nililia kwenye daladala siku ile. Leo naona alikuwa sahihi.

Fildi iliisha. Faili lilibaki ofisini, si langu, na tulishafundishwa namna ya kumuaga mteja: unamwambia mapema, unamtambulisha kwa atakayeendelea naye, humwachii namba yako binafsi. Nilifanya hivyo. Bibi alinipa ndizi, nikamwomba zikaliwe na mtoto.

Daftari bado natumia lile lile, na kila ukurasa mpya naanza kwa kupiga mistari miwili. Mtihani ujao ni wa sheria za mtoto, nimebakiza sura mbili. Daladala ya kwetu inapita karibu na ile nyumba, pana mwarobaini kabla ya kona. Tukifika hapo huwa naangalia kamba ya nguo kama kuna shati la shule. Sishuki.